TUNATUPA CHAMBO, HALAFU TUNANUNUA CHAMBO!

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji wote wa Maramba, na nyie wapita njia mnaosimama hapa ukutani mkisubiri gari,

Leo siandiki habari za mbegu wala za madeni ya mbolea. Leo naandika habari ya matumbo ya samaki. Najua wako watakaocheka. Chekeni, lakini msiondoke kabla hamjafika mwisho wa karatasi hii, maana jambo hili linaletwa kwenye mkutano mkuu wetu ujao, na kila mwanachama ataambiwa anyooshe mkono. Mtu asinyooshe mkono kwa jambo asilolijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila asubuhi pikipiki zinapanda kutoka Moa, Mtimbwani na Kwale zimebeba masanduku ya samaki. Mama zetu wa sokoni wanawanunua, wanawapara, wanawatumbua, wanawakaanga. Ikifika adhuhuri, nyuma ya soko pamejaa ndoo za matumbo, matamvua, mapezi, magamba, na wale samaki waliolala ambao mteja hawataki tena. Vyote hivyo vinamwagwa kwenye mfereji. Mbwa wanafurahi, kunguru wanafurahi, na nzi ndio wanafurahi kupita wote. Kutoka hapo nzi wanakwenda wapi? Wanakwenda kwenye maandazi ya watoto wetu.

Wakati huo huo, vijana wetu wanaoteremka pwani msimu wa jua kuvua kaa koko kwenye mikoko wanatafuta chambo. Wanakipata wapi? Wananunua! Wananunua vibua na dagaa, samaki mzuri kabisa wa kuliwa na mtoto, wakamkate vipande wampe kaa. Tena hawanunui kwa pesa mkononi. Wanachukua kwa mkopo kwa dalali wa kaa, na dalali ndiye anayewanunulia kaa wao, na dalali ndiye anayepanga bei. Yaani mtu huyo amesimama mlangoni na dirishani.

Sasa dalali huyo amepanda hadi kwetu na maneno matamu. Anasema ameuona uchafu wa soko letu na ametuonea huruma. Ataleta mapipa ya plastiki yenye mifuniko, bure. Kila jioni gari lake litapita kuyazoa mabaki ya samaki, bure. Sisi tutabaki na soko safi. Anachoomba ni kitu kidogo tu: tuweke sahihi kwamba mabaki yote ya samaki ya soko la Maramba ni yake peke yake, asichukue mtu mwingine.

Na wako wenzetu katika kamati, sitawataja, ambao kalamu zimeshaanza kuwawasha.

Jamani! Hivi tumelogwa? Mabaki hayo atayapeleka wapi? Atawala yeye? Atayapeleka mikokoni, atawauzia vijana wetu kwa jina la chambo, kwa mkopo, na ataandika katika daftari lake. Tutakuwa tumempa bure kitu ambacho watoto wetu watakinunua kwake. Mimi nasema wazi: LILE PIPA LA BURE NDILO CHAMBO, NA KAA NI SISI.

Nieleze kwanza jinsi kaa anavyovuliwa, maana wengi wetu huku juu tunajua mahindi, mihogo na machungwa kuliko mambo ya maji.

Kaa koko anakaa kwenye matope ya mikoko, ndani ya shimo. Maji yakijaa, hasa usiku, anatoka kutafuta riziki. Jicho lake si kitu kikubwa humo matopeni, anachotegemea ni harufu. Chambo kikiwa ndani ya dema, maji yanachukua harufu na kuitembeza, na kaa anaifuata mpaka anakuta mlango. Kwa hiyo bila chambo dema ni kikapu tu. Ndiyo maana nasema mwenye chambo ndiye mwenye kaa, na mwenye kushika chambo chote cha pwani ameshika mikono ya wavuvi wote.

Iko njia nyingine, ya kulabu. Mvuvi anaingia matopeni maji yakipwa, anachokoa shimo kwa chuma, anamvuta kaa. Njia hii haitaki chambo, lakini inavunja miguu ya kaa na inabomoa shimo ambalo kaa mwingine angelihamia. Na kaa anauzwa mzima, anapumua, amefungwa kamba, anasafirishwa mbali mpaka China. Akivunjika gando, bei imevunjika. Kwa hiyo kijana anayetaka kipato cha maana atatumia dema, na dema litataka chambo. Hakuna ujanja.

Sasa hesabu. Hii sikuifanya kwa mdomo, nimeiandika chini kama tulivyofundishwa darasani. Tuseme kijana ana madema kumi. Kila dema anatia robo kilo ya chambo. Ni kilo mbili na nusu kwa siku. Tuseme kilo ya vibua kwa mkopo ni shilingi 4,000. Ni shilingi 10,000 kwa siku. Bamvua moja avue siku sita: ni shilingi 60,000. Kabla hajapata kaa hata mmoja, ameshadaiwa elfu sitini! Mwenye bei nyingine aiweke yake, apige hesabu mwenyewe. Hesabu itabadilika, deni halitakosekana. Na nyuma ya soko letu zile kilo mbili na nusu zinaliwa na kunguru kabla ya saa nne.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimepita njia hiyo.

Miaka ya tisini, nikiwa kijana, nilikuwa nateremka mikokoni. Shule sikuimaliza, nilitolewa mapema nikaenda kufanya kibarua katika mkonge. Nilikwenda pwani nikidhani kaa watanitoa katika umaskini. Nilichukua chambo kwa dalali mmoja, tena nashukuru, naona ni mtu mwema. Kila nikichukua anaandika katika daftari, ananiletea wino, natia dole gumba. Nikileta kaa, anawabonyeza tumboni, anasema, "Huyu wa maji. Huyu wa maji. Na huyu naye wa maji." Ni kweli yuko kaa wa maji. Kaa akijivua gamba, gamba jipya linakuwa kubwa na ndani nyama bado haijajaa, basi ukimbonyeza anasikika mtupu. Lakini siku ile walikuwa wa maji wote? Saba kwa saba? Na mbona wale wa maji hakuwarudisha baharini, aliwatia kapuni pamoja na wenzao?

Mwisho wa msimu nilitaka hesabu yangu. Alinifunulia daftari akanionyesha kwa kidole, "Umebaki unadaiwa." Nikatazama. Niliona mistari, niliona dole langu, basi. Ingekuwa imeandikwa kwamba nimemuuzia mama yangu, nisingejua. Nilipanda kurudi Maramba kwa miguu, mkononi sina hata kilo ya unga, na kidole hiki cha shahada kina kovu la gando mpaka leo.

Ndugu zangu, siku ile ndiyo iliyonipeleka kwenye darasa la watu wazima. Wengine walikwenda kwa sababu ya kusoma barua za watoto wao. Mimi nilikwenda kwa sababu ya daftari la chambo. Kwa hiyo nikiona mtu anataka kuturudisha kwenye daftari lile, tena safari hii kwa sahihi ya ushirika mzima, siwezi kunyamaza. Ningenyamaza, mwalimu wangu angekuwa amepoteza chaki yake.

Nikisema tutumie mabaki yetu wenyewe, yako maneno manne ninayojibiwa. Nitayachukua moja moja.

LA KWANZA. Bibi mmoja aliniambia hapa hapa chini ya mwembe, "Mwanangu, unachoita mabaki wewe, mimi naita mboga. Kichwa cha samaki kimenilelea wajukuu." Neno hilo lilinikalia moyoni, na nakiri kwamba bibi ana haki. Tusije kwa ajili ya kaa tukamnyang'anya mtu chungu chake. Tukumbuke Mwanza. Kule viwanda vilikata minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, mwananchi akabakiwa na mifupa na vichwa, ndiyo mapanki. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengeneza filamu wa Austria, alitoa filamu iliyoonyesha habari hizo duniani, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliipinga hadharani. Watu wakabishana sana: mapanki ni chakula cha watu au si chakula cha watu? Mimi sikuwa Mwanza. Lakini ubishi ule unatufundisha jambo moja: kabla hujaita kitu mabaki, muulize kwanza mwenye njaa.

Kwa hiyo sheria yetu iwe hii: KINACHOLIWA NA MTU KILIWE NA MTU KWANZA. Kichwa cha changu, cha kolekole, chochote chenye supu, kiende chunguni. Chambo ni matumbo, matamvua, mapezi, ngozi, miba mibichi, na samaki aliyelala asiyefaa tena kwa afya ya mtu. Na hapo ndipo hoja ya bibi inapomgeukia dalali. Kwani yeye katika karatasi yake ameandika "mabaki yote". Yote! Na vichwa vya bibi vimo. Halafu vijana wetu wakinunua vibua kumtilia kaa, hiyo nayo si kumnyang'anya mtoto mboga? Anayeogopa chakula kupotea aanze kuwaogopea vibua.

LA PILI. Wako wanaosema haifai, kaa anataka uvundo, mabaki yaachwe yaoze siku tatu ndipo yawe chambo, na sisi hatuna mahali pa kuozesha. Si kweli. Kaa koko si fisi. Huko kwake anakula chaza na konokono, anavunja magamba kwa gando lake na kula nyama mbichi. Waulizeni wavuvi wenyewe: chambo kibichi chenye damu na mafuta kinavuta kuliko kilichooza. Kilichooza kinalainika, kinamong'onyoka, maji yanakichukua chote mara moja na dema linabaki tupu. Matumbo mabichi yakifungwa ndani ya kipande cha wavu, au miba ikikazwa kwa waya katikati ya dema, yanadumu maji yote yakijaa na kupwa. Yasipoondoka siku hiyo yatiwe chumvi, na chumvi mwambao wetu wa Tanga inachemshwa na kuanikwa, hatuagizi kwa meli. Na yaliyokwisha kukaangwa tusihangaike nayo, harufu imekufa kwa moto.

LA TATU. Wako wanaosema, "Kwetu kaa haliwi, kwa nini tujishughulishe naye?" Ndugu yangu, hakuna anayekulazimisha kumla. Mkonge nao hauliwi, na babu zetu wangapi waliukata katika mashamba haya? Kinachozungumzwa hapa ni jasho la kijana wako, wala si sahani yako.

LA NNE, na hili ni la mtu mwenye akili, nalo linataka jibu la akili. Mwalimu mmoja aliniuliza, "Chambo kikipatikana kwa urahisi, kila mtu atatega. Kaa hawataisha?" Wanaweza kuisha. Sitadanganya ukutani. Kaa jike akiwa na mayai anaondoka mikokoni anakwenda bahari kuu kutaga, na jike mmoja anabeba mayai yanayofika milioni. Ukimuuza huyo umeuza kaa mmoja na umetupa wajukuu wote. Lakini tujiulize, nani leo anayewafanya vijana wabebe mpaka vitoto na majike wenye mayai? Ni deni. Mwenye deni hana uchaguzi, anavua chochote kinachotembea ili daftari lipungue. Kijana asiyedaiwa chambo anaweza kumtazama kaa mdogo akamwambia, "Nenda, tutaonana mwakani." Na dema lina faida hapo, kwa sababu linamshika kaa akiwa mzima, unamrudisha akiwa mzima. Kulabu hairudishi.

Nimeshawajibu wabishi. Sasa msije mkasema Katibu kazi yake kupinga tu. Mnataka tufanyeje? Nasema hivi:

1. Ushirika ununue ndoo zetu wenyewe zenye mifuniko. Ndoo si ndege, haihitaji mfadhili. Tukishindwa kununua ndoo nne tufunge ofisi, turudi nyumbani.

2. Mabaki ni mali ya mama aliyemnunua samaki. Narudia, NI MALI YAKE. Wako wanaume wanaosema wamama wayatoe tu, si uchafu? Mbona dalali hauiti uchafu? Kila mama apimiwe ndoo yake, aandikiwe, na alipwe sehemu yake. Tusifukuze kupe wa nje tukafuga kupe wa ndani.

3. Usafiri tunao. Zile pikipiki zinazotuletea samaki asubuhi zinarudi Moa na Mtimbwani na masanduku matupu. Matupu! Kila siku tunaona, na hakuna aliyewaza. Zipewe nauli ndogo, zishuke na chambo kabla ya jua kuwa kali, kiwahi maji ya jioni.

4. Vijana wachukue chambo kwa bei ya ushirika, na hesabu iwe katika daftari moja linalokaa mezani wazi, siyo mfukoni mwa mtu. Kila Jumamosi karatasi ya hesabu ibandikwe hapa, ukuta huu huu. Asiyejua kusoma asomewe na watu wawili tofauti, siyo mmoja. Na darasa bado lipo, aje.

5. Samaki wa baruti tusimpokee hata kama ni wa bure. Mwambao huu wa Tanga umeumizwa na baruti miaka mingi, matumbawe yamevunjwa, makulia ya samaki yameharibiwa. Na samaki wa utupa vile vile. Hatuwezi kujenga kazi ya kaa kwa kubomoa nyumba ya samaki.

6. Anayechukua chambo cha ushirika aahidi mbele ya wenzake: kaa mdogo anarudi, jike mwenye mayai anarudi, mkoko haukatwi. Akikutwa amevunja, chambo akatafute kwingine.

Kuna wanaosema sisi wa huku milimani hatuwezi mambo ya kaa, hayo yana wenyewe. Nawajibu kwa mfano wa majirani zetu. Vuka mpaka wa Horohoro, pita Mombasa, fika Dabaso kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu. Pale kikundi cha wanakijiji kinatunza mikoko, kinafuga kaa katika vizimba, na kina mkahawa wake kinapopika kaa na kuwauzia wageni. Hawakuzaliwa na mapezi wale. Ni watu kama sisi waliokaa kikao wakaamua kushika kazi yao kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sisi leo sisemi tufungue mkahawa. Nasema tushike ndoo tu.

Na tukumbuke mwaka 2020. Korona ilipofunga njia za China, kaa walikosa mnunuzi. Dalali yeyote alikwenda nyumbani kwake kupumzika. Lakini deni la chambo halikupumzika, lilikaa katika daftari likisubiri. Mtu anayegawana nawe faida bila kugawana nawe hasara huyo si mshirika. Huyo ni mpangishaji wa mgongo wako.

Mama yangu alikuwa akituhadithia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walivyokusanyika kwenye redio moja, wakisikiliza, wakisoma kitabu, kisha wakanyanyuka pamoja kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hakuna aliyewaletea pipa la bure. Walifundishwa, wakaelewa, wakatenda. Soko letu litakuwa safi kwa njia hiyo hiyo, na usafi huo utaingiza pesa badala ya kutuingiza kwenye deni. Anayetuambia lazima tuchague kati ya uchafu na sahihi yake anatudanganya mchana kweupe.

Wanakamati wenzangu mnaotaka kutia sahihi, sina ugomvi nanyi. Nawaomba jambo moja. Ile karatasi ya dalali, msiisome ofisini mlango umefungwa. Ileteni hapa, tuibandike kando ya karatasi hii yangu, watu wasome zote mbili. Kama maneno yake ni mazuri, hayataogopa ukuta.

Kwa kanuni za ushirika mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, si mwenyekiti, si mimi, wala si mgeni mwenye gari. Njooni wote. Mama wa samaki njooni na wala msikae nyuma. Vijana wa kaa pandeni siku hiyo, madema yatasubiri. Mzee asiyeona vizuri aje na mjukuu wa kumsomea.

Na mtu akikuletea kalamu kabla ya mkutano, akikuambia weka sahihi hapa ni jambo dogo tu, mtazame mkono wako. Dole gumba langu nilishaliuza mara moja kwa kilo chache za vibua. Lako usiliuze kwa pipa.

Wenu katika kazi,

Katibu.

(Tafadhali msichane karatasi hii kufungia ugoro. Wengine hawajasoma.)